Mvua ikipiga bati, wafanyakazi wangu wanaacha unga mezani

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina mgahawa na tanuri la mikate hapa Katesh, wilayani Hanang. Unakumbuka yaliyotupata asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipomeguka ukatushushia tope, mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mgahawa wangu ulijaa tope hadi usawa wa madirisha. Tanuri lilibaki limesimama, lakini friji, mashine ya kukandia unga, viti na mifuko yote ya ngano ilikwenda. Wafanyakazi wangu tisa walitoka hai, namshukuru Mungu. Ila mmoja alimpoteza mtoto, wawili wakapoteza nyumba, na mwoka mikate wangu alikaa juu ya paa la jirani akiwaona watu anaowafahamu wakichukuliwa.

Nilifungua tena Februari. Wao wenyewe ndio walionisaidia kuzoa tope kwa majembe, bila malipo. Nimekopa benki milioni 12, kaka yangu akanidhamini, na rejesho ni kila mwezi. Mauzo hayajafika hata nusu ya zamani, maana wateja wengine wamehama na waliobaki hawana hela. Kwa hiyo nawalipa wafanyakazi nusu mshahara. Nimewaambia tuvumiliane, mambo yakikaa sawa nitawaangalia. Hawajalalamika. Wamekuwa wakimya tu.

Sasa masika yameanza. Mvua ikipiga bati, mwoka mikate anaacha unga mezani na kutoka nje kutazama mlima, wengine nao wanamfuata. Wiki iliyopita mikate ya oda ya shule ya bweni iliungua yote tanuri zima. Kijana anayesambaza mikate kwa pikipiki ameanza kunywa, anafika asubuhi ananuka pombe, na mara mbili pesa za mauzo zimepungua mkononi mwake. Anayenipa moyo ni dada wa kaunta, yule aliyefiwa na mtoto. Anafika wa kwanza, anaondoka wa mwisho, hataki hata siku ya kupumzika. Natamani wengine wangekuwa kama yeye.

Kaka anasema niwaondoe wenye woga, nichukue vijana wapya kutoka Babati ambao hawakuona chochote. Anasema pia nisithubutu kuwaonyesha hesabu, kwa sababu wakijua biashara imeyumba watakimbia au wataanza kuiba. Mimi nimefikiria kufunga mgahawa mchana mmoja, nimwite mtu wa ushauri, kila mmoja asimame aeleze aliyoyaona siku ile, tulie pamoja, yaishe, kesho tuanze upya.

Tunafungua siku saba kwa wiki kwa sababu ya mkopo. Mimi mwenyewe usingizi umenihama. Nifanye nini nisiwapoteze hawa watu, na biashara nayo isinifie?

Mwenye mgahawa, Katesh

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na wafikishie pole zangu wote tisa, hasa huyo dada wa kaunta ambaye nitamrudia.

Umeniuliza kuhusu hofu, nami nitaanza na mshahara, ingawa wewe umeugusa kwa sentensi mbili ukapita. Fikiria mtu aliyepoteza nyumba. Anaishi kwa ndugu au amepanga chumba, sufuria ananunua upya, watoto wanahitaji sare upya, na mkononi anapokea nusu ya alichokuwa anapokea, bila kujua hadi lini. Hapo ndipo mtu anapoingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile yenye riba kubwa. Asubuhi anakuja kazini akiwa amepigiwa simu na mdai, mkono uko kwenye unga lakini akili haipo. Wewe unamwona amezubaa, unasema ni mlima. Inawezekana kweli ni mlima. Lakini mlima huwezi kuuondoa, na hii hofu ya pili unaweza kuipunguza wiki hii hii kwa kalamu na karatasi.

Waite siku isiyo na oda kubwa. Weka daftari la mauzo mezani. Waambie tumeuza hiki, unga umekula hiki, kuni na kodi hiki, rejesho la mkopo hiki, kilichobaki ni hiki. Kisha wape tarehe. Nusu mshahara itaendelea hadi mwisho wa mwezi fulani, siku hiyo tutakaa tena tuangalie daftari hili hili. Na ile nusu ambayo hawakulipwa tangu Februari, iandikie kila mmoja karatasi yake, kiasi na jina, weka sahihi, abaki nayo. Mpaka sasa umekuwa ukiwakopa wafanyakazi wako bila kuwaandikia. Benki imekudai sahihi yako na ya kaka yako kabla haijatoa shilingi moja. Hawa walikukopesha jasho lao kwenye tope wakakuamini kwa mdomo.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, ukiwamo ujira, na yakibadilika abadilishe kwa kushauriana naye. Mshahara haupunguzwi kwa tangazo la mwenye biashara, hata kama biashara imepigwa na janga. Kaeni, mkubaliane, muandike.

Kuhusu ushauri wa kaka yako wa kuficha hesabu, simkubalii. Anayekaa kaunta anajua mauzo yako kuliko kaka yako anavyoyajua. Anayesambaza mikate anajua maduka mangapi yameacha kuchukua. Wameshaona kwamba biashara imeyumba. Wasichokijua ni kama wewe una mpango, na ukimya wako wanaujaza wenyewe, kila mmoja kwa hofu yake.

Kuna jambo jingine la kuwapa kama hela haipo, nalo ni muda. Nusu mshahara kwa kazi ya kutwa, siku saba, inamvunja mtu haraka. Nusu mshahara kwa zamu fupi, akajua Jumanne na Alhamisi ni zake akatafute kibarua au akafyatue tofali za nyumba yake, hiyo anaweza kuibeba miezi kadhaa. Kwa mauzo uliyonayo sasa, sidhani kama unawahitaji wote tisa kila saa. Hata siku biashara itakaporudi, kumbuka kwamba kazi ya kawaida kisheria haizidi saa 45 kwa wiki, ya ziada hufanywa kwa makubaliano na kulipwa mara moja na nusu, na kila mtu ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki. Ukimkandamiza sasa kwa sababu ya mkopo, utalipa kwa mikate iliyoungua.

Sasa mvua. Nakuomba usiiite tabia ya mwoka mikate wako woga. Alikaa juu ya paa akaona watu wanachukuliwa, na mlima ule ule bado uko juu ya mji. Mwili wake unafanya kazi ya kumlinda. Ukimwambia ajikaze, utapata mtu anayesimama mezani huku masikio yote yako kwenye bati, na mikate itaungua vile vile. Anachohitaji ni kujua kwamba kuna mtu mwingine anayeangalia, na kwamba hatari ikija ataambiwa mapema.

Kwa hiyo fanyeni mpango wa mvua, na mwoka mikate huyo awe mmoja wa wanaoupanga, kwa maana hakuna anayejua zaidi yake kilichotokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mtu mmoja kwenye kila zamu awe na kazi ya kuzifuatilia asubuhi na kuwaambia wenzake. Amueni pamoja kila ngazi mtafanya nini. Siku ya angalizo, labda mnaoka mapema na kidogo, msichukue oda mpya. Siku ya tahadhari, wanaoishi mabondeni hawaji kazini, na hawakatwi. Siku ya tahadhari kubwa mgahawa haufunguliwi kabisa. Nenda ofisi ya kata, uulize kamati ya usimamizi wa maafa ni njia ipi ya kupandia mahali salama kutoka hapo ulipo, kisha siku ya jua itembeeni wote kwa miguu, kuanzia mlango wa nyuma. Nani anazima moto wa tanuri, nani anahesabu watu, mnakutania wapi.

Na mvua ya kawaida ikianza, waruhusu wapige simu nyumbani. Nadhani nusu ya wale wanaotoka nje hawautazami mlima kwa sababu yao wenyewe, wanawaza mtoto yuko wapi na mama mzazi yuko na nani. Weka simu moja ya mgahawa yenye salio karibu na tanuri. Mtu akishasikia "tuko salama, tuko kwa shangazi," mikono inarudi kwenye unga. Na aliyebaki tanurini wakati mwenzake anapiga simu ajulikane kwa jina kwenye ratiba, ili oda ya shule isiungue tena.

Kikao ulichofikiria, cha kila mmoja kusimama na kueleza aliyoyaona, nakusihi usikifanye. Najua nia yako ni njema, na watu wengi wanaamini kwamba ukilitapika jambo lote kwa mara moja linakuacha. Lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kumtaka mtu aliyepatwa na janga asimulie yote kwa kikao kimoja cha namna hiyo. Hakimsaidii, na wengine kinaweza kuwadhuru. Fikiria tu chumba chenyewe. Mwoka mikate anasimulia watu waliochukuliwa na tope, na kwenye kiti cha pili amekaa mama ambaye mtoto wake alikuwa miongoni mwao.

Njia wanayoifundisha watu wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni nyepesi zaidi na inafanywa kila siku. Tazama, sikiliza, unganisha. Unatazama nani amebadilika, nani hali chakula, nani ameacha kuongea. Unasikiliza anayetaka kusema, bila kumchimba anayetaka kunyamaza, na bila kumwambia "ni mapenzi ya Mungu" kabla yeye mwenyewe hajasema hivyo. Kisha unamuunganisha na anachohitaji, iwe ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hospitali, kiongozi wake wa dini au ndugu yake wa Singida ambaye hajampigia tangu msiba. Mkitaka ibada au dua ya kuwakumbuka waliokufa, hilo ni jambo jingine na ni jema. Iwe ya hiari, wa dini zote wakaribishwe, na asiyekuja asiulizwe.

Dada wa kaunta sasa. Umemsifu, na ukatamani wengine wawe kama yeye. Mwanangu, katika barua yako yote, huyo ndiye aliyenipa wasiwasi kuliko wote, hata kuliko kijana anayekunywa. Mama aliyemzika mtoto Desemba, Machi hataki siku hata moja ya kukaa nyumbani. Huenda kaunta ndiyo mahali pekee ambapo ukimya wa nyumba haumfikii. Kwa hiyo usimnyang'anye kazi, wala usimpe likizo ya ghafla ya mwezi mzima ukidhani unamsaidia. Lakini pia usiendelee kuufaidi uchungu wake.

Tafuta saa moja ambayo hakuna wateja, mkae wawili. Mtaje mtoto kwa jina lake. Watu wengi wanaogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani watamkumbusha mama, kana kwamba kuna dakika anasahau. Muulize usiku unapitaje, anakula nini, nani yuko naye nyumbani. Muulize siku zipi zinazokuja ni nzito kwake, kama siku ya kuzaliwa ya mtoto au tarehe 3 ya kila mwezi, na siku hizo awe na ruhusa ya kutokuja bila kuomba. Sheria inampa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto siku zisizopungua 4 zenye malipo. Yeye alifiwa wakati mgahawa umefungwa, nadhani hakuzipata. Mpe sasa, azigawe anavyotaka.

Na umuulize jambo gumu waziwazi, kama kuna wakati anaona bora naye asingekuwepo. Swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Linampa nafasi ya kusema alichokibeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo, mpeleke hospitali ya wilaya wewe mwenyewe, na uwe umemtafuta ndugu wa kulala naye.

Kijana wa pikipiki mzungumze naye mchana, akiwa hajanywa, mbali na wenzake. Leo hii mwondoe kwenye pikipiki. Hapo hakuna mjadala, mtu anayenuka pombe asubuhi asiendeshe kwenye barabara ya Katesh na mikate yako mgongoni, atajiua au ataua mtu. Mwondolee pia pesa mkononi. Lakini kazi usimwondolee. Mpe kupakia, kusafisha, kupasua kuni, kwa mshahara ule ule mliokubaliana, na umwambie waziwazi kwa nini na kwa muda gani. Pesa iliyopungua iulize kama jambo la peke yake, kwa hesabu, bila kuichanganya na pombe. Akikubali msaada, hospitali ya Haydom kule Mbulu ina huduma za afya ya akili na za watu waliozidiwa na pombe. Akiandikiwa na daktari kwamba ni mgonjwa, sheria inampa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa biashara yako ilivyo sasa huo ni mzigo, najua, ndiyo maana ni vizuri umwahi kabla hajafika huko.

Kaka yako na vijana wake wa Babati. Mwoka mikate mpya atachukua miezi kulizoea tanuri lako, na wale watakaobaki watakuwa wameona unavyowafanyia waliozoa tope nawe. Zaidi ya hayo, kuogopa mvua baada ya janga si sababu halali ya kumfukuza mtu. Aliyeachishwa anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na atakuwa na haki ya kusikilizwa. Kama hesabu zitakuonyesha kwamba kweli biashara haibebi watu tisa, kuna njia ya kupunguza wafanyakazi. Unawapa taarifa mapema, unawaeleza sababu, unashauriana nao juu ya namna ya kuepuka au kupunguza idadi, na aliyetimiza miezi 12 mfululizo kazini unamlipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Lakini kabla ya hilo jaribu zamu fupi nilizokutajia. Wakiona daftari, usishangae mmoja akajitokeza mwenyewe akasema anapumzika hadi mavuno.

Umebaki wewe. Mkopo ndio unaokufungulisha siku saba, basi kaushughulikie mkopo. Nenda benki na kaka yako kabla hujachelewa hata rejesho moja, peleka daftari lile lile utakalowaonyesha wafanyakazi, na uombe muda wa marejesho urefushwe ili kiasi cha kila mwezi kishuke. Anayefika mapema na hesabu mkononi husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Kuhusu usingizi, umepita zaidi ya miezi mitatu, huo si uchovu wa kuzoea. Nenda hospitali umweleze daktari, kama ambavyo ungempeleka mfanyakazi wako. Na mtakapoketi kupanga zamu, mchague wote pamoja siku moja ya wiki ambayo tanuri haliwashwi, na jina lako liandikwe kwenye mapumziko ya siku hiyo pamoja na yao.